Kuyalinda Mafigo ya Mwanachama Mwenye Kisukari

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na tabibu mmoja wa wilayani mbele ya semina ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi. Yamechapishwa hapa kwa ombi la wajumbe wenyewe, ili makatibu wayasome mbele ya wanachama ambao hawakuhudhuria.)



Ratiba ya semina hii inaonyesha kwamba asubuhi mmezungumza juu ya mizani, stakabadhi na ukaguzi wa hesabu, na kwamba mchana mtazungumza juu ya pembejeo. Huenda baadhi yenu wamejiuliza tabibu anatafuta nini katikati ya mambo hayo mawili. Naomba mnivumilie. Nataraji kuonyesha kwamba jambo nililokuja nalo ni jambo la ukaguzi vile vile, na kwamba ninyi makatibu mnaweza kulielewa upesi kuliko watu wengine wengi.

Nitasema juu ya ugonjwa wa mafigo kwa watu wenye kisukari, na hasa juu ya njia za kuupunguzia mwendo. Sikusema kuuponya. Figo lililokwisha kuharibiwa na kisukari kwa kawaida halirudii hali yake ya zamani. Lakini uharibifu wenyewe unaweza kucheleweshwa kwa miaka mingi, hata mtu akafika uzeeni bila kuhitaji mashine ya kusafisha damu. Na kinachoamua, kwa sehemu kubwa, ni mambo yanayofanywa wakati mtu bado anajiona mzima kabisa.

Baba yangu mzazi alikuwa katibu wa chama cha msingi kwa miaka 19. Wazee miongoni mwenu mlimfahamu. Jioni za msimu alikuwa hafungi ofisi kabla ya kulinganisha stakabadhi na uzito wa magunia yaliyomo ghalani. Ikipungua kilo moja, harudi nyumbani mpaka ijulikane imekwenda wapi.

Mtu huyo huyo aliishi na kisukari kwa miaka 11. Alikuwa akienda kliniki, akichomwa kidole, sukari yake ikiandikwa kwenye kadi, akarudi nyumbani na vidonge vyake. Sukari ikionekana juu kidogo, sisi watoto wake tulimshauri apunguze chai tamu. Katika miaka yote hiyo mkojo wake haukupimwa protini hata mara moja, wala damu yake haikupimwa kazi ya mafigo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuhitimu utabibu, nami sikuuliza. Miguu yake ilipoanza kuvimba alisema ni kwa sababu ya kusimama sana penye mizani. Tulimwamini. Alipopimwa hatimaye, mafigo yake yalikuwa yamebakiwa na chini ya sehemu moja katika kumi ya kazi yake. Aliishi miezi 14 baada ya siku hiyo. Ng'ombe wetu wote na sehemu ya shamba vilikwenda katika nauli na gharama za kusafisha damu.

Simlaumu mtu, isipokuwa labda mimi mwenyewe. Nimelisimulia jambo hili ili mjue kwa nini sioni haya kusimama mbele yenu mchana kweupe na kuzungumza juu ya mkojo.

KAZI YA MAFIGO

Kila mtu ana mafigo mawili, moja kila upande wa uti wa mgongo, chini ya mbavu, kila moja kwa kadiri ya ngumi ya mwenyewe. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja katika damu maji yapatayo lita 180, yaani madebe 9 ya lita 20. Karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachobaki, lita moja au mbili, ndicho mkojo. Aidha, mafigo husaidia kutawala shinikizo la damu, hupima chumvi zilizomo mwilini, na huuchochea mwili utengeneze damu mpya.

Kichujio ni kama chekeche. Uchafu hupita, mali hubaki. Miongoni mwa mali inayotakiwa kubaki ni protini iitwayo albumini. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka, vichujio hufanya kazi kwa nguvu kupita kiasi, kuta zake hunenepa na kukakamaa, na matundu ya chekeche hupanuka. Ndipo albumini inapoanza kuvuja na kutoka na mkojo. Shinikizo la damu likiwa juu, chekeche hiyo huraruka upesi zaidi. Baada ya muda baadhi ya vichujio hufa na kuwa makovu. Hapo hutokea jambo mnalolijua katika vyama vyenu: wanachama wachache wakitoroka deni, waliobaki hubeba mzigo wa waliotoroka, nao wakachoka mapema. Vichujio vilivyo hai hubeba kazi ya vilivyokufa, na kwa sababu hiyo hiyo navyo hufa.

Mwenyezi Mungu ametujalia ziada kubwa ya vichujio. Kwa hiyo mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya kazi ya mafigo yake na bado akalima, akala na kulala usingizi mzuri. Miguu kuvimba, kichefuchefu, kuwashwa mwili, kukosa hamu ya kula na kupumua kwa shida ni dalili za mwishoni. Figo linaloharibika kwa kisukari haliumi wala halipigi kelele. Anayengoja maumivu ndipo aende kupimwa anafanana na katibu anayengoja ghala libaki tupu ndipo ahesabu magunia.

UGONJWA UMEFIKA VIJIJINI

Zamani ilisemwa kwamba kisukari ni ugonjwa wa mjini na wa matajiri. Maneno hayo yalikuwa na ukweli wakati wake. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya kupima watu wazima katika vijiji 6 vya Tanzania. Walioonekana kuwa na kisukari walikuwa pungufu ya mtu 1 katika kila watu 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta watu wapatao 9 katika kila 100 wenye sukari ya kiwango cha kisukari. Tafiti hizo mbili hazikupima kwa njia moja, wala ile ya pili haikuwa ya vijijini peke yake, kwa hiyo tusizilinganishe kama hesabu za mizani moja. Lakini hakuna tabibu wa wilayani asiyeona mabadiliko hayo katika foleni ya kliniki yake.

Katika watu watatu wenye kisukari, kwa makadirio, mmoja hupata ugonjwa wa mafigo. Basi chama chenye wanachama 600, kikiwa na watu 30 wenye kisukari, kitegemee kwamba 10 kati yao mafigo yao yamo hatarini. Wengi wao hawajui. Baadhi hawajui hata kwamba wana kisukari.

VIPIMO VIWILI VYA KILA MWAKA

Naomba makatibu waandike sehemu hii. Mafigo ya mwenye kisukari hukaguliwa kwa vipimo viwili, na kimoja hakitoshi bila ya kingine.

Cha kwanza ni kipimo cha albumini katika mkojo. Hili si jambo geni: daktari Richard Bright wa London alieleza mwaka 1827 habari za wagonjwa wa mafigo ambao mkojo wao uliganda ulipopashwa moto, kwa sababu ya albumini iliyomo. Siku hizi maabara hupima albumini na kuilinganisha na kreatinini iliyomo katika mkojo huo huo. Jibu likiwa chini ya miligramu 30 kwa gramu moja ya kreatinini, ni salama. Likiwa kati ya 30 na 300, uvujaji umeanza. Likizidi 300, uvujaji ni mkubwa. Maabara nyingine hutumia vizio tofauti, ambapo mipaka ni 3 na 30. Kwa hiyo usiondoke bila ya kuuliza ni vizio gani.

Angalieni jambo moja. Kile kijiti cha kawaida cha kuchovya katika mkojo, kinachopatikana katika zahanati nyingi, mara nyingi hakiuoni uvujaji mdogo wa mwanzo. Kikionyesha protini, ni onyo kubwa. Kisipoonyesha, bado haijathibitika kwamba mafigo ni salama. Kadhalika, homa, kazi nzito ya siku hiyo au maambukizo ya njia ya mkojo huweza kupandisha jibu kwa muda. Kwa hiyo jibu baya la mara moja halitoshi. Hupimwa tena, na uvujaji huhesabiwa kuwa wa kweli ukionekana mara mbili katika vipimo vitatu ndani ya miezi 3 hadi 6.

Kipimo cha pili ni cha damu, nacho hutazama kreatinini. Kutokana na kiwango hicho, pamoja na umri na jinsia ya mtu, hukadiriwa kasi ya mafigo kuchuja. Kijana mzima huwa na kasi ipatayo 100. Kasi ikikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3, huo ni ugonjwa. Ikifika chini ya 15, mafigo yameshindwa. Ulizeni kasi hiyo, msitosheke na kiwango cha kreatinini peke yake, maana kiwango hicho hudanganya: mama mzee mwembamba anaweza kuwa na kreatinini inayoonekana ya kawaida, kumbe mafigo yake yamedhoofika.

Mtu mwenye kisukari cha ukubwani apimwe tangu siku ugonjwa unapogunduliwa, kwa sababu mara nyingi sukari imekwisha kukaa mwilini miaka bila kujulikana. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachohitaji insulini tangu mwanzo na ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, apimwe baada ya miaka 5. Tangu hapo wote wapimwe kila mwaka, na uvujaji ukionekana, mara nyingi zaidi.

MAMBO YANAYOPUNGUZA MWENDO WA UGONJWA

Hadi miaka ya 1970 madaktari wengi waliamini kwamba protini ikishaonekana katika mkojo wa mwenye kisukari, hakuna la kufanya ila kungoja. Imani hiyo ilivunjwa hatua kwa hatua, nami nitazieleza hatua hizo kwa ufupi ili mjue kwamba dawa tunazozitoa hazikuchaguliwa kwa kubahatisha.

La kwanza ni shinikizo la damu. Mwaka 1982 daktari wa Denmark, Carl Erik Mogensen, alichapisha habari za wagonjwa wachache ambao shinikizo lao liliteremshwa kwa dawa; mafigo yao yakaendelea kuharibika, lakini kwa mwendo wa polepole zaidi kuliko awali. Leo tunalenga shinikizo lisizidi 130 kwa 80, ikiwa mtu anaweza kufikia hapo bila kizunguzungu.

La pili ni dawa maalumu zinazoteremsha shinikizo na pia kupunguza msukumo ndani ya vichujio vyenyewe. Ya kwanza ya kumezwa iliyoenea, kaptoprili, ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka mmoja wa Brazil. Mwaka 1993 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watu 409 wenye kisukari cha aina ya kwanza ambao tayari walikuwa wakivuja protini. Wote walitibiwa shinikizo, lakini nusu yao walipewa kaptoprili. Katika kundi hilo hatari ya kufa, au kuhitaji mashine, au kupandikizwa figo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2001 majaribio mengine yalionyesha faida kwa wenye kisukari cha ukubwani waliotumia losartani na irbesartani. Ndugu zake kaptoprili, kama vile enalaprili na lisinoprili, pamoja na losartani, ni dawa za bei nafuu ukilinganisha na nyingi nyingine.

Dawa hizi zina masharti. Hazitumiwi na mama mjamzito. Enalaprili na losartani hazimezwi pamoja. Damu hupimwa tena majuma machache baada ya kuanza. Baadhi ya watu hupata kikohozi kikavu kwa enalaprili. Hao huhamishiwa losartani, wasiache tu kimya kimya. Na mtu akitapika au kuharisha sana, asiendelee kumeza bila kuuliza, maana mwili uliokauka maji pamoja na dawa hizi huweza kuliumiza figo.

La tatu ni sukari yenyewe. Jaribio kubwa la watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, lililofanywa Marekani na Kanada na kutangazwa mwaka 1993, na lile la Uingereza la mwaka 1998 kwa wenye kisukari cha ukubwani, yalithibitisha kwamba kuidhibiti sukari kwa makini hupunguza madhara ya mishipa midogo, yakiwemo ya mafigo. Kwa watu wengi kipimo cha sukari ya miezi mitatu hulengwa kiwe karibu na 7 katika 100. Kwa wazee na wanaoshukiwa sukari mara kwa mara hulegezwa.

Hapa nina onyo ambalo lingeweza kumsaidia baba yangu. Mafigo yakishindwa, insulini na baadhi ya vidonge hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Sukari huanza kushuka yenyewe. Mwaka wake wa mwisho baba alifurahi, akasema kisukari chake kinapona, akapunguza vidonge. Nasi tulifurahi naye. Mkimwona mtu wa kisukari cha miaka mingi ambaye ghafla sukari yake inashuka shuka bila sababu, msimpongeze. Mpelekeni akapimwe mafigo.

La nne ni dawa za miaka ya karibuni. Mwaka 1835 wanakemia walitoa katika gome la mizizi ya mti wa tufaha kitu ambacho baadaye kilionekana kusababisha sukari itoke na mkojo. Kutokana na kitu hicho, baada ya zaidi ya miaka 150, zilitengenezwa dawa za jamii ya kanagliflozini, dapagliflozini na empagliflozini. Mbali na kutoa sukari, dawa hizi hupunguza msukumo ndani ya vichujio. Mwaka 2019 jaribio la watu 4,401 wenye kisukari cha ukubwani na mafigo yaliyoathirika, ambao tayari walikuwa wakitumia dawa za jamii ya enalaprili au losartani, lilionyesha kwamba kuongeza kanagliflozini kulipunguza kwa takriban 30 katika 100 hatari ya mafigo kushindwa na ya vifo vitokanavyo na mafigo au moyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za jamii hii katika orodha ya dawa muhimu.

Nazo zina masharti: si za mwenye kisukari cha aina ya kwanza, husababisha fangasi sehemu za siri, kwa hiyo usafi ni lazima, na mtu asiyeweza kula kwa sababu ya ugonjwa huzisimamisha mpaka apone. Bei yake bado ni nzito kwa mkulima. Lakini asiyeuliza hatajua siku itakapoteremka. Hata bila ya dawa hizi, mwenye kupata enalaprili, kudhibiti shinikizo na kudhibiti sukari amekwisha kupata sehemu kubwa ya kinga.

La tano ni kuacha kuyaumiza mafigo kwa mikono yetu wenyewe. Wakulima tunaumwa migongo. Msimu ukifika, mtu hununua diklofenaki au ibuprofeni dukani na kuzimeza majuma mazima. Kwa mwenye kisukari ambaye mafigo yake yameanza kuvuja, dawa hizo ni hatari, na hatari huzidi zikichanganywa na dawa za shinikizo. Aombe dawa nyingine ya maumivu kwa tabibu. Dawa za miti shamba zisizojulikana viambato vyake nazo ziepukwe. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyokwisha kutiwa jikoni. Tumbaku iachwe. Na ndugu zangu, kunywa ndoo za maji hakuyasafishi mafigo yaliyoharibika. Maji ya kutosha kiu yanatosha, na aliyevimba mwili aulize kwanza.

MASHINE NA UPANDIKIZAJI

Watu huniuliza: kwani hospitali kubwa hazina mashine? Zinazo, na tunashukuru. Aidha, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Hizo ni hatua za kujivunia. Wanaotegemea matibabu hayo wastahili msaada wetu wote, wala mtu asiwaambie kwamba wamekwisha.

Lakini hebu tufanye hesabu. Kusafisha damu kwa mashine kwa kawaida hufanywa mara 3 kwa juma, saa zipatazo 4 kila mara. Kwa mwaka ni mara 156. Kila katibu aulize bei ya mara moja katika hospitali iliyo karibu naye, aongeze nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji, kisha azidishe kwa 156. Halafu ailinganishe jumla hiyo na malipo ya mavuno ya mwanachama wa kawaida. Baada ya hesabu hiyo hatahitaji hotuba yangu.

KAZI YA CHAMA

Ndugu Wajumbe, nina maombi matatu kwa vyama vya msingi.

Ombi la kwanza: siku ya mkutano mkuu wa mwaka, kamati izungumze na zahanati au kituo cha afya ili mhudumu aje na kipimo cha shinikizo, cha sukari ya kidole na vijiti vya mkojo. Wanachama wamekwisha kukusanyika; hakuna nauli ya ziada. Wataokutwa na kasoro, na wote wenye kisukari, wapangiwe siku moja ya kwenda pamoja hospitali ya wilaya kwa vile vipimo viwili nilivyovieleza.

Lakini nasisitiza: majibu ni mali ya mwenyewe. Ugonjwa wa mwanachama hauandikwi katika daftari la chama, hausomwi mkutanoni, wala hautumiwi kumnyima mkopo wa pembejeo. Siku mwanachama atakaposikia siri yake sokoni, ndiyo siku ya mwisho ya kupimwa mtu katika kijiji hicho.

Ombi la pili linahusu fedha. Vidonge humezwa kila siku, lakini mkulima hupata fedha kwa msimu. Nimeona wagonjwa wakimeza dawa kwa uaminifu miezi mitatu baada ya mauzo, kisha wakakaa miezi mitano bila dawa. Figo halijui msimu. Naomba kamati zifikirie kuwaruhusu wanachama wanaotaka, kwa hiari na kwa maandishi, waachie sehemu ndogo ya malipo ya awali au ya malipo ya pili kama akiba ya dawa, wapewe kidogo kidogo kila mwezi. Taratibu zake ninyi mnazijua kuliko mimi, na mkutano mkuu ndio wenye uamuzi.

Ombi la tatu ni dogo. Katibu amwulize kila mwanachama anayejulikana, kwa kauli yake mwenyewe, kuwa na kisukari: "Ndugu, mwaka huu umepimwa mkojo na damu kwa ajili ya mafigo?" Swali hilo halihitaji elimu ya utabibu. Mimi niliyekuwa nayo sikuliuliza.

Nimalize kwa habari ya mama mmoja mkulima, mwanachama wa mojawapo ya vyama vilivyowakilishwa hapa. Simtaji jina. Miaka 6 iliyopita alikutwa na uvujaji wa 140. Hakuwa na dalili yoyote. Alianzishiwa enalaprili, akapunguza chumvi, akaacha vidonge vya mgongo vya dukani. Baada ya mwaka mmoja uvujaji ulikuwa umeshuka hadi 60. Akaja kwangu akisema sasa anataka kuacha dawa, kwa kuwa hajisikii mgonjwa na hesabu zimekuwa nzuri. Nilimwuliza kama chama chao kilifuta ukaguzi mwaka ule ambao hesabu zilionekana safi. Akacheka, akavichukua vidonge vyake. Mwaka huu uvujaji wake ni 40, na kasi ya mafigo yake imeshuka kidogo tu kuliko siku ile ya kwanza. Bado anachuma kahawa yake mwenyewe, na msimu uliopita alikaa foleni ya mizani kama wengine.

Sikuweza kumpatia baba yangu miaka hiyo. Wapo wanachama wenu ambao wanaweza kupatiwa, wakiulizwa mapema.